Nyumba Niliyoiruka

Iguguno, Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Daftari hili nilipewa zahanatini kwa ajili ya kazi. Kurasa za mbele zina majina ya kaya arobaini na mbili na maswali manne ninayouliza kila mwezi: nani anakohoa zaidi ya wiki mbili, nani anatoka jasho usiku, nani amekonda, nani ana homa isiyoisha. Akipatikana mtu namwachia kikopo cha makohozi, kesho yake nakipeleka kwa Sista Dina, muuguzi wa zahanati. Ndiyo kazi ya mhudumu wa afya wa jamii, na posho yake inatosha sabuni. Kurasa za nyuma hazina mwenyewe, kwa hiyo nimezichukua. Mume wangu Clement amesema niwe naandika tarehe za kila kitu, maana watu wa uhamiaji wa Kanada wanapenda tarehe kuliko wanavyopenda watu.

Amepiga simu leo kutoka huko Kanada, baada ya ibada. Faili letu limepokelewa. Miaka mitatu na miezi miwili tangu aondoke, na mimi nimebaki hapa kwa wazazi wake nikihesabiwa mke wa mtu kwa picha iliyoko ukutani. Nilipochapisha ushahidi wa ndoa, kurasa sitini za meseji zetu, yule kaka wa stesheneri kule Singida mjini alizisoma zote huku mashine ikitoa, kisha akanipunguzia bei. Alisema nimemfurahisha.

Sasa bado vipimo vya afya. Clement kanieleza habari za rafiki yake Bonaventura, ambaye mkewe alikwama miezi kumi kwa sababu nyumbani kwao alikuwepo mtu wa kifua kikuu.

"Wakisikia tu TB, faili linawekwa pembeni," akasema. "Bahati nzuri kwetu hakuna."

"Hakuna," nikasema.

Wakati huohuo Baba, yaani baba mkwe wangu, Mzee Sostenes, alikuwa anakohoa uani. Clement akamsikia hadi huko aliko. Akauliza kama Baba ana mafua.

"Vumbi," nikasema. "Wameanza kukata alizeti."

Alhamisi, 17 Aprili

Upepo. Baba amekohoa wakati wa uji, wiki mbili na siku kadhaa sasa.

Pasaka, 20 Aprili

Baba ni besi wa kwaya tangu kabla Clement hajazaliwa. Leo ametoka katikati ya wimbo, mkono mdomoni, akarudi wakati wa sadaka. Watu wawili watatu walikuwa wanakohoa pia, msimu wenyewe ndio huu. Nilishukuru kuwasikia. Nimemaliza Pasaka nikishukuru kwa vikohozi vya watu.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimezunguka kaya zote. Kwa jirani yetu Idrissa, mfuga mbuzi, nimemkuta amekaa juani amejifunga shuka saa sita mchana. Mkewe anasema wiki ya tatu hii. Idrissa akaniambia niache kumtisha, ni vumbi la alizeti tu.

"Vumbi halikai kifuani wiki tatu, kaka Idrissa," nikamwambia. "Na vumbi halimkondeshi mtu. Mkanda wako umetobolewa tundu jipya, naliona."

Akacheka, akakohoa, akachukua kikopo. Nilijisikia fundi kabisa. Nilitembea nyumba nne zaidi nikiwa na raha ya mtu aliyefanya kazi yake.

Kaya ya kumi na saba ni ya Sostenes. Nilifika, maana ndiko ninakolala. Baba alikuwa anaanika vichwa vya alizeti kwenye turubai, mgongo umenielekea. Mama Raheli, mkewe, alikuwa anachambua mboga. Nilisimama na daftari mkononi kama mgeni. Kisha nikaingia ndani, nikakaa kitandani, nikaandika kwenye mistari yote minne: Hakuna.

Nilitumia kalamu ileile niliyomwandikia Idrissa.

Ijumaa, 2 Mei

Majibu ya Idrissa yametoka. Anacho. Ameanza dawa leo.

Alhamisi, 8 Mei

Barua imekuja kwenye simu. Nina siku thelathini za kufika Dar kupima afya na kutoa alama za vidole. Mama Raheli alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Baba akanipa mkono na kusema, "Hongera, mwanangu." Mkono ulikuwa wa moto, na haukuwa moto wa jua.

Jumatano, 14 Mei

Tumepura siku nzima. Mimi, Mama na shemeji Paschal, mdogo wake Clement, tukipiga vichwa kwa fimbo, Baba akipepeta. Vumbi jeusi limejaa puani. Sote tumekohoa. Tofauti ni kwamba sisi jioni tulinyamaza.

Nataka niandike hapa sababu ninayojipa, niione ikiwa imekaa kwenye karatasi. Huyu ni baba mkwe. Tangu nimeolewa sijawahi kukaa naye mkeka mmoja. Nikimpa maji nainama na kuangalia pembeni. Mkwe hamuulizi baba mkwe wake kama shuka lake linalowa usiku, wala hashiki makohozi yake mkononi. Hayo ni mambo ya mkewe na wanawe. Ndivyo nilivyojiambia mwezi wote.

Lakini kwa Mzee Antipasi kule bondeni, ambaye naye ni mkwe wangu kwa upande wa mama mdogo, nilipiga magoti nikauliza maswali yote manne, kwa heshima zote, na akajibu. Kwa hiyo najua inawezekana. Heshima yangu ya hapa nyumbani ina tarehe: itaisha nikishapimwa Dar. Nimejiapiza. Nikirudi tu, kikopo cha kwanza ni cha Baba.

Jumanne, 20 Mei. Dar es Salaam

Basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi hapa. Nimelala kwa binamu yake Clement, Ritha, ambaye ameniambia mara tatu nisikohoe mbele ya daktari hata nikipaliwa.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Uzito, damu, mkojo, picha ya kifua. Vua blauzi, kumbatia ubao, vuta pumzi, shikilia. Kisha daktari kijana akanikalisha na fomu. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka aende chakula cha mchana.

"Kazi yako?"

"Nalima. Na najitolea mambo ya afya kijijini."

"Safi sana. Nyumbani unakoishi kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

"Hapana." Na hilo ni kweli. Ambaye hajapimwa hana ugonjwa, hata serikali inahesabu hivyo.

"Au mtu anayekohoa kwa muda mrefu?"

Swali la pili sikulitegemea. Ni swali langu. Ni lile ninaloliuliza kwenye milango arobaini na mbili, kwa maneno karibu yaleyale, na ninapouliza huwa natazama macho ya mtu kwa sababu anayeficha huangalia chini.

Nilimtazama machoni nikasema hapana.

Akatia alama. Akanipa karatasi ya maelezo, nikaisokomeza kwenye pochi bila kuisoma. Nje niliagiza soda na sikuweza kuimaliza. Nilikuwa nimejua muda wote kwamba nakwepa. Leo ndipo nimedanganya.

Ijumaa, 23 Mei

Nimerudi. Baba amenipokea begi barabarani. Alilibeba hatua ishirini hivi, akaliweka chini, akasema kamba ya kiatu imefunguka. Alikuwa amevaa ndala.

Jumatano, 28 Mei

Mzunguko wa kaya. Ile ya kumi na saba: Hakuna, Hakuna, Hakuna, Hakuna.

Niliapa kwamba nikirudi tu. Lakini majibu ya Dar hayajatoka, na nikimpima Baba leo akakutwa nacho, jina langu litaandikwa kwenye orodha ya waliokaa na mgonjwa, na karatasi hutembea. Ngoja majibu yatoke kwanza. Ni siku chache.

Jumapili, 1 Juni

Nimefaulu vipimo. Clement alipiga kelele kwenye simu mpaka watu waliokuwa naye ndani wakamuuliza kuna nini. Nilicheka, na furaha yangu ilikuwa ya kweli, siwezi kusema ilikuwa ya uongo. Ninamtamani mume wangu. Nina miaka thelathini na moja, na kila nikienda kisimani wanawake wanalitazama tumbo langu kabla ya uso.

Alipouliza habari za Baba nikasema, "Vumbi linapungua." Bado uamuzi wa mwisho. Nikishaupata huo, basi.

Nagundua sasa kwamba ninasogeza mpaka kama mwizi wa shamba.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Raheli amenifuata jikoni. Alianza kwa kusifia ugali, ambao haukuwa na sifa yoyote.

"Baba yako analowa usiku," akasema. "Nabadilisha shuka mara mbili. Wewe mambo haya unayajua. Ni nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali. Mlango umefunguliwa na mwenye nyumba, mkeka umetandikwa, heshima haina tena pa kukaa. Ilikuwa niseme maneno mawili.

"Inaweza kuwa malaria, Mama."

Nimempeleka mwenyewe kupima malaria. Hana. Sista Dina hakuwa zamu, nami nilijua kwamba hakuwa zamu. Tulirudi na dawa ya kifua ya chupa, na Mama akanishukuru njia nzima. Alisema Clement alijua kuchagua.

Alhamisi, 19 Juni

Baba hakwenda mazoezi ya kwaya. Amesema awapishe vijana.

Jumanne, 24 Juni

Idrissa amekuja na jogoo. Amenenepa, uso unang'aa. Alinishika mikono yote miwili, akawaambia wakwe zangu kwamba kama si huyu binti wangekuwa wameshamfukia. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti mwilini. Akasema, "Ndiyo, anaijua kazi yake," halafu kikohozi kikamshika. Kilimshika kwa muda mrefu. Jogoo mwenyewe alitulia.

Nilimsindikiza Idrissa hadi barabarani. Tulipofika kwenye vibanda vya vitunguu akasimama.

"Dada Janeth, yule mzee anakohoa kama nilivyokuwa nakohoa mimi."

"Tunamfuatilia," nikamwambia.

Akaniangalia. Kisha akasema sawa, wewe ndiye mtaalamu, akaenda zake. Jogoo tulimla jioni. Baba alikunywa mchuzi tu.

Jumatatu, 30 Juni

Wameomba pasi yangu ya kusafiria ili wagonge visa. Nimeituma Dar kwa basi la asubuhi. Mzunguko wa kaya nimeufanya baada ya hapo. Ya kumi na saba sikuiandika kabisa, nimeiacha nafasi. Nilidhani nafasi tupu itaniuma kidogo kuliko neno.

Jumamosi, 5 Julai

Baba na Paschal walipeleka magunia kwenye mashine ya kukamua mafuta. Saa tano Paschal akanipigia simu, akasema njoo na kanga. Nilimkuta Baba amekalishwa juu ya gunia la mashudu, watu wamemzunguka, kifua cha shati kina damu. Si nyingi. Vijiko viwili hivi.

Nilitoa kikopo kwenye begi langu la kazi. Kilikuwemo tangu Aprili, kwenye karatasi yake. Nilipiga magoti mbele ya watu wote nikamwambia, "Baba, kohoa kutoka chini kabisa, uteme humu." Akakohoa, akatema, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Sitaki kujisifu kwamba nimeamua. Damu ndiyo iliyoamua.

Jumanne, 8 Julai

Anacho. Mapafu yote mawili.

Sista Dina alimuuliza amekohoa tangu lini. "Tangu kabla ya Matawi," Baba akajibu. Wiki kumi na nne. Sista akaomba daftari langu. Akafungua Aprili, akafungua Mei, akafungua Juni, kidole kinashuka mpaka namba kumi na saba. Alikaa na ile nafasi tupu ya Juni muda mrefu kuliko yale maneno. Kisha akamwambia Baba akapumzike nje kwenye benchi.

"Umewapata wagonjwa tisa mwaka huu," akaniambia. "Tisa, Janeth. Hakuna mwenzako aliyefikisha watano."

Nikamweleza yote: Clement, mke wa Bonaventura, yule daktari. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Leta wote wa nyumbani wapimwe," akasema. "Na huyo mzee utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia kwa hilo."

Jumatatu, 14 Julai

Mimi mzima. Paschal mzima. Mama Raheli anacho.

Mwezi wa nne Mama hakuwa anakohoa. Najua, kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Amekipata usiku, akimbadilishia shuka huku anakohoa.

Nimeitafuta ile karatasi ya Dar kwenye pochi. Imeandikwa Kiswahili safi: aliyekaa na mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kutakiwa kutoa makohozi na kusubiri majibu hadi wiki nane. Wiki nane. Ningesema kweli siku ile ya kipimo, kesho wiki nane zingekuwa zimetimia, na visa ingefuata vilevile. Hiyo miezi kumi ya Bonaventura sijui ilitoka wapi. Hata sikuuliza.

Ijumaa, 18 Julai

Pasi imerudi. Visa imo, na picha yangu ndani yake, nimekodoa macho.

Nimemwambia Clement. Nilimwambia bila kupamba, mpaka ule mchana wa malaria. 

"Kila Jumapili nilikuuliza," akasema. "Ulikuwa unaniambia vumbi."

Nikamwambia pia kwamba tiketi ya Agosti aiahirishe. Dawa za mwanzo ni miezi miwili, za kila siku, na nitawapa mimi kwa mkono wangu. Visa inaruhusu kuingia hadi Mei. Akasema sawa. Hakuniita mama, hakuniita mpenzi, alisema sawa tu.

Jumapili, 27 Julai

Clement hajapiga tena. Kanisani mchungaji alitoa shukrani kwa ajili ya "binti yetu aliyeahirisha safari ya ng'ambo ili awauguze wakwe zake." Watu wakapiga makofi. Mama Raheli, amefunika mdomo kwa kitambaa, alilia kwa fahari. Nilisimama pale nikipigiwa makofi. Sikumbuki aibu nyingine ya namna ile, na nilistahili kila kofi lile liwe la shavuni.

Mchana nilimkuta Baba peke yake uani, na vidonge vyake mkononi mwangu. Nilikaa chini, mkeka mmoja naye.

"Baba, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Nilijua. Tangu Aprili nilijua ni nini."

"Nilijua kwamba unajua," akasema.

Nikadhani ndiyo mwisho, kwamba ameshanisamehe au ameshanihukumu. Lakini alikuwa anaendelea, polepole, kwa pumzi fupi.

"Nilikuona ukimpa Idrissa kikopo. Na Antipasi ukamuuliza. Hapa ukapita mikono mitupu, kuanzia mwezi wa nne. Nikajiambia, mkwe wangu amesomea haya. Kama yangu ingekuwa ya kutibika, angenipa kikopo kama alivyompa Idrissa. Kwa hiyo nikajua haina dawa, na wewe unaona vigumu kumwambia mkwe wako kwamba anakufa. Nikaona nisikusumbue. Nikaacha kuuliza."

"Si hivyo, Baba. Ilikuwa visa."

Sijui kama alielewa mara moja. Nilimweleza kuhusu orodha na faili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akiangalia turubai lililokunjwa.

"Clement alijua?"

"Hakujua."

"Afadhali," akasema.

Akanyoosha mkono, nikampa vidonge, akavimeza kimoja kimoja. Kisha akasema atahitaji kuongea na Paschal, maana kuna mahali alikwisha kumwonyesha.

Jumatatu, 28 Julai

Nilimbana Paschal asubuhi mpaka akanipeleka. Ni nyuma ya shamba la juu, pembeni ya kaburi la bibi yao. Nyasi zimefyekwa mstatili, magugu yameng'olewa na mizizi yake, mawe manne yamewekwa kwenye pembe. Nilimuuliza Paschal ni lini alipafyeka.

Akasema hakufyeka yeye. Baba alifyeka mwenyewe, peke yake, siku tatu, akipumzika kila baada ya panga mbili. Alitaka amalize kabla sijarudi kutoka Dar, ili nisione nikahuzunika.